Puuza Ukuta

Siku za maswali ya mteremko, Twaiba alikuwa akiwafungia kuku bandani kwanza. Kisha aliziondoa ndoo ukingoni mwa baraza, akamfunga mbuzi kwenye mnazi kwa fundo la kweli, ndipo akawaambia wanafunzi wafungue madaftari. Swali likisema “puuza msuguano”, nao wakaandika hivyo kwa nia moja, msuguano uliondoka pale uani na haukurudi mpaka jibu lipatikane. Kuku aliyesahauliwa nje aliteleza kutoka jikoni hadi chooni bila kupiga hatua, na alifika huko akiwa na hasira nyingi.

Watu wa Kinondo waliyazoea mambo hayo upesi, kama walivyozoea umeme kukatika. Ukinzani wa hewa ukipuuzwa, jani kavu na dafu viliachia mnazini pamoja na kutua pamoja, kwa hiyo watoto wadogo walikatazwa kucheza chini ya minazi saa za masomo. Na kwa kuwa vitabu vya shule hupenda kuchukulia nguvu ya uvutano kuwa kumi kamili, ilhali ile aliyoiweka Mungu haifiki hapo, wakati wa maswali hayo kila mtu mtaani alikuwa mzito kidogo. Wazee waliotoka msikitini walilalamikia magoti, wakakaa chini, wakasubiri watoto wamalize.

Twaiba alisomea ualimu wa fizikia na hesabu chuo kikuu, akarudi nyumbani na shahada yake, akaambiwa asubiri kuajiriwa. Alikuwa bado anasubiri. Shule ya kutwa iliyokuwa karibu haikuwa na mwalimu wa fizikia, ikawa wanafunzi wa kidato cha nne wanatoka huko na kazi ya nyumbani ambayo hakuna aliyewafundisha, wanakuja nayo barazani kwa mama yake. Ubao ulikuwa mlango mkuukuu uliopakwa rangi nyeusi. Utaratibu ulikuwa mmoja na mwalimu hakuwa na mzaha nao: mstari wa kwanza andika ulichopewa, wa pili andika unachotafuta, wa tatu andika unachopuuza, ndipo uanze. Aliyeruka mstari wa tatu alirudishwa mwanzo hata kama jibu lake lilikuwa sahihi.

Yeye mwenyewe hakuweza kupuuza chochote. Alijaribu mara moja alipotaka kulisogeza kabati la mama yake: aliandika swali, akapuuza msuguano, akasukuma mpaka jasho likamtoka, na kabati likabaki pale pale. Hapo akaelewa kwamba jambo hili linamtaka mtu asiyelijua jibu na anayelitafuta kwa dhati. Twaiba aliyajua majibu yote, na siku nyingine hilo lilimuudhi.

Ukuta ulijengwa mwaka aliohitimu. Kati ya nyumba ya mama yake, Bi Biasha, na bahari palikuwa na njia ya miguu ambayo wanawake wa hapo waliishukia tangu enzi za nyanya zao. Akaja mtu kutoka mbali na hati ya kiwanja na ramani mpya isiyokuwa na njia, akajenga jumba lenye bwawa la kuogelea, kisha akajenga ukuta wa matumbawe kutoka mpaka wa hoteli moja hadi mpaka wa hoteli nyingine. Watu walikwenda kwa chifu, wakaenda ofisi ya ardhi, wakaenda mahakamani. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, na kila ilipoahirishwa ukuta ulipakwa rangi mpya.

Bi Biasha alikuwa mchokoaji pweza. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na kuuacha mwamba wazi, alishuka na chuma chake na ndoo, akamtoa pweza shimoni pasipo kumrarua. Pweza ndiye aliyemsomesha Twaiba kuanzia darasa la kwanza hadi chuo kikuu, na Bi Biasha hakupenda mtu yeyote asahau hilo, Twaiba hasa. Baada ya ukuta, ilimbidi azunguke hadi barabara ya Galu, apite nyuma ya hoteli zote, ashukie mbali, arudi kwa ufuo. Alipofika mwambani maji yalikuwa yamekwisha kugeuka. Alizunguka hivyo msimu mzima, kisha akaacha. Akawa anakaa jikoni asubuhi za bamvua akikuna nazi ambazo hakuna aliyezihitaji, na Twaiba alipomwona hivyo roho ilimuuma kwa hasira.

Likizo ya Agosti wanafunzi walikuja asubuhi badala ya alasiri, wakaanza kalkulasi. Maswali ya kitabuni yalihusu maboma ya ng'ombe na mabati ya kutengeneza tangi. Twaiba aliyachoka. Akaandika ubaoni swali lake mwenyewe: mwanamke yuko nyumbani kwake na anataka kufika mwambani. Mchangani hutembea upesi, majini hutembea polepole. Aingie majini mahali gani ili afike kwa muda mfupi kuliko wote? Akachora nyumba, akachora ufuo, akachora mwamba.

Kanyiva aliinua mkono. Huyu alikuwa binti wa Mbuvi, mmoja wa Wakamba waliopewa mashamba ya makazi upande wa bara, na alikuwa mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa maneno.

“Mwalimu, hapa pana ukuta,” alisema.

“Naujua.”

“Basi tuuandike mstari wa kwanza, pamoja na tulivyopewa?”

Twaiba aligeuka akautazama ukuta nyuma ya minazi. Ulikuwa umepakwa rangi wiki hiyo hiyo.

“Huo hatukupewa, tumewekewa,” alisema. “Puuzeni ukuta.”

Wakaandika kwenye mstari wa tatu. Upepo wa bahari ukaingia barazani na kufunua kurasa za madaftari. Ukuta haukuanguka wala kuvunjika. Ulikuwa haupo, na mahali pake palikuwa na mchanga wenye mashimo ya kaa. Jumba lilikuwapo na bwawa lilikuwapo, kwa sababu hakuna aliyeyapuuza. Bi Biasha alitoka jikoni, mikono ina tui.

“Kumbe maji yashatoka,” alisema. Akanawa, akachukua chuma na ndoo, akawatakia watoto masomo mema, akashuka.

Kanyiva alikuwa wa kwanza kumaliza na kulipigia jibu mistari miwili, lakini ukuta haukurudi kwa sababu wenzake walikuwa bado wanahangaika. Wa mwisho alikuwa Alfani. Alfani hakuwa mjinga. Alikuwa na tabia ya kutoamini mstari wowote mpaka auulize maswali yake yote, na kwa ajili hiyo wenzake walimwita Breki. Alipomaliza, Bi Biasha alikuwa ameshapanda kutoka ufuoni, amemponda pweza juu ya jiwe, na amemtundika akauke. Ukuta ukarudi mahali pake bila kishindo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Alfani Breki tena, na kikombe chake cha chai kilikuwa kikubwa kuliko cha mwalimu.

Bamvua iliyofuata walishuka wanawake wa mtaa mzima. Walipita kando ya bwawa kwa mstari, wakiwaamkia wageni waliolala kwenye viti vya jua, na wageni waliitikia. Mbuvi, baba yake Kanyiva, ndiye aliyekuwa mlinzi wa jumba. Alisimama na rungu lake mahali ambapo ukuta ulikuwa haupo, akawahesabu wakienda na akawahesabu wakirudi, maana kuhesabu ndiyo kazi pekee iliyombakia.

Mwenye jumba alikuja barazani mwenyewe, akiwa na naibu wa chifu, Bwana Mwinga. Hakuja kushangaa. Alikuja kulalamika kwamba mbwa wake wametoka na mmoja amerudi na mkia wa samaki taa kinywani.

“Madam, mimi sina shida na masomo,” alisema. “Hata mimi nilisoma kwa shida. Lakini niko na hati, na ukuta ni wangu.”

“Hati unayo, bwana. Ukuta unao pia, na wala hatujausema vibaya. Sisi twaupuuza tu.”

“Si mpuuze kitu kingine? Hii pwani ni kubwa.”

“Twapuuza msuguano siku za Jumatatu.”

Mwenye jumba alimgeukia Bwana Mwinga. Bwana Mwinga alikuwa mtu wa hapo hapo, na mama yake alikuwa amepita kando ya bwawa juzi. Alikohoa, akasema amezisoma sheria za ardhi, amezisoma za ujenzi na hata za kelele, na hakuona mahali palipomkataza mwanafunzi kupuuza alichoambiwa na mwalimu wake apuuze. Mwenye jumba akajaribu njia ya hisani. Angewajengea watoto darasa zuri la mawe, lenye feni, huko upande wa Samburu.

“Huko hakuna bahari,” alisema Twaiba.

“Ndiyo maana,” alisema mwenye jumba, na ilikuwa mara ya kwanza kuwa mkweli.

“Basi darasa tunalo. Karibu chai.”

Hakunywa. Wiki iliyofuata mafundi waliuongeza ukuta urefu, wakaweka na nyaya za umeme juu yake. Alfani aliufikiria ukuta huo mpya kwa muda, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiria, kisha akauliza kama swali limebadilika.

“Urefu wake umeuona popote kwenye swali?” aliuliza Twaiba.

“Sikuuona.”

“Endelea na kazi.”

Shida ilitoka kwingine, na Twaiba ndiye aliyeileta kwa mikono yake. Alikuwa anafundisha vizuri. Kila wiki watoto walizidi kuelewa, na kila walipozidi kuelewa ukuta ulirudi mapema. Kanyiva, kwa huruma, alijaribu kujifanya amekwama. Wenzake walipomaliza, alikaa na kalamu mdomoni akikunja uso, na ukuta ukamtokea pale pale kama vile haujawahi kuondoka. Kukwama kwa uongo hakukuhesabika. Wakajaribu kunakiliana makosa, nayo hayakufaa. Twaiba alibadili namba, akahamisha mwamba, akaongeza mkondo wa maji, na kwa siku chache mambo yakawa mazuri. Lakini aliyeelewa la kwanza aliona upesi kwamba la pili ni ndugu yake.

Jumapili moja ya Oktoba, Alfani alimaliza ilhali wanawake wangali mwambani. Alifuata hatua zote bila kusita hata moja, akaufanya mteremko wa grafu kuwa sifuri, akapiga mistari miwili, akainua uso akitabasamu. Ukuta ulikuwa umesimama mbele yake na nyaya zake. Tabasamu likamtoka.

Bi Biasha alifika nyumbani magharibi, amezunguka njia yote ya Galu, kanga imemganda mwilini na nyayo zimechanika. Pweza walikuwa wameharibika kwa jua. Aliwamwaga shimoni, akakaa kwenye kigoda.

“Yule mtoto amelijua swali?” aliuliza.

“Amelijua, mama.”

“Amelijua hasa, au amebahatisha?”

“Amelijua hasa.”

“Alhamdulillahi,” alisema Bi Biasha, akaanza kuosha miguu.

Twaiba aliingia ndani akalia kwa hasira. Angeweza kufundisha vibaya kidogo. Hakuna ambaye angemlaumu. Shuleni kwao hata vibaya hawakufundishwa. Angeweza kuwaficha hatua moja tu, ile ya mteremko kuwa sifuri, na mama yake angepata bahari yake mpaka mtihani upite. Aliliwaza jambo hilo usiku kucha na asubuhi akajichukia. Mtu mmoja alikuwa ameshawafungia watoto hawa njia moja. Yeye hatakuwa wa pili. Akafungua mlango, akawaita, akawafundisha hatua ile mara mbili.

Mtihani wa fizikia uliangukia siku ya bamvua, tena bamvua kubwa ya Novemba. Watoto walipita asubuhi na mapema, sare zimepigwa pasi, Bi Biasha akawaombea dua, Kanyiva naye akaitikia amina ingawa kwao ni wa kanisa. Walipoondoka, baraza likawa tupu. Habari za mahakamani zilikuwa zimefika siku iliyotangulia: kesi imeahirishwa hadi mwakani. Wanawake walikaa uani na ndoo zao, na nyuma ya ukuta sauti ya maji ilisikika ikienda mbali.

Twaiba alichukua chaki. Aliandika mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu. Alijaribu kulisahau jibu. Alifumba macho akajaribu kuwa mjinga kwa moyo wake wote, lakini elimu ilikuwa imekwisha kumwingia na haikutoka.

“Wacha, mwanangu,” alisema Bi Biasha. “Leo ni siku ya watoto.”

“Siwachi, mama.”

Hapo ndipo Mbuvi alipopiga hodi. Alikuwa amevaa sare za ulinzi, kofia na buti, na rungu lilikuwa mkononi.

“Karibu, Baba Kanyiva,” alisema Twaiba. “Hupo kazini leo?”

“Niko kazini, mwalimu. Ndiyo nimekuja.” Aliwaamkia wanawake, akamwamkia Bi Biasha shikamoo, akabaki amesimama. “Huyu msichana wangu amekuwa akisoma kwa sauti kila siku pale nyumbani. Mimi niliwacha shule form two, sikufika mahali ya hiyo dii wai dii eksi. Sasa nimechoka. Watu wanapita mbele yangu, na mimi nimeandikwa kazi wasipite. Nataka kujua ni nini inawapitisha.”

“Swali lenyewe watoto waliliona gumu.”

“Hata mimi nitaona gumu. Nipatie kalamu.”

Alilaza rungu chini, akavua kofia, akakaa mahali pa Alfani, magoti yakafika kifuani. Twaiba alimweleza alichopaswa kuelezwa, wala hakuzidisha. Mbuvi aliandika alichopewa, kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Aliandika anachotafuta. Kwenye mstari wa tatu kalamu ilisita juu ya karatasi.

“Nikiandika hii, kazi yangu imeisha.”

“Huenda,” alisema Twaiba. Hakutaka kumdanganya.

Mbuvi aliwatazama wanawake na ndoo zao. Wengine aliwajua kwa majina, kwa kuwa alikuwa amewahesabu miezi mitatu.

“Siku nyingine wananiambia, Mbuvi, wewe ni mtu mzuri, shida ni ukuta,” alisema. “Inaniuma sana hiyo.”

Akaandika. Upepo ukaingia. Bi Biasha alikuwa ameshasimama kabla nukta haijawekwa, na wenzake wakamfuata, wakapita kando ya bwawa, wakashuka.

Mbuvi alifanya kazi. Alikosea alama za kutoa, akafuta. Alichanganya mchanga na maji, akafuta. Aliuliza kwa nini mteremko uwe sifuri, na Twaiba akamwonyesha kwa kidole ndani ya ndoo iliyolazwa ubavu: ukishuka unashuka, ukipanda unapanda, na pale chini kabisa hushuki wala hupandi, pale ndipo muda ni mdogo kuliko kwingine. Mbuvi aliigusa ndoo pale chini kabisa. Kisha akasema “aaa”, akainama, na kalamu ikaanza kwenda. Twaiba aliiona ikienda akafurahi, halafu akatazama baharini akaogopa. Wanawake walikuwa vitone vidogo mwambani.

Mbuvi alipiga mistari miwili. Ukuta ukarudi wote, na urefu wake mpya, na nyaya zake, na rangi yake.

Twaiba alilisoma jibu kutoka juu hadi chini, akarudia. Hakuwahi kumwekea mtu alama ya kosa kwenye jibu sahihi, na hakukusudia kuanza siku hiyo. Aliweka tiki kubwa nyekundu.

“Umepata, Baba Kanyiva.”

Mbuvi alicheka, kisha akauona ukuta. Nyuma ya ukuta maji yalikuwa yameanza kugeuka; sauti ilikuwa imebadilika. Simu ikamlilia mfukoni. Aliitoa, akalisoma jina la mwenye jumba, akailaza kifudifudi juu ya rungu ikiendelea kulia.

“Sasa wamefungiwa huko,” alisema. “Na ni mimi nimewafungia.”

Twaiba alikuwa ameshafuta ubao.

“Hilo lilikuwa la kwenda,” alisema. “Wakirudi wana ndoo kichwani na maji yanawafuata nyuma. Kasi ya majini si ile, ya mchangani si ile, na mimi mwenyewe sijalipiga hesabu. Fungua ukurasa mpya.”

Mbuvi alifungua. Aliandika mstari wa kwanza, akaandika wa pili. Kwenye wa tatu aliandika ukuta kama alivyofundishwa, akaitazama simu iliyokuwa bado inalia, kisha kwa herufi zile zile kubwa akaongeza: na mwenye ukuta.

Upepo ukaingia. Simu ikanyamaza.